Uaminifu wa Schaaf ni funzo kwa walimwengu wa soka

Wahenga walinena kuwa mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Methali hii tumezoea kuitumia tunapozungumzia ukoo na udugu, na ni nadra kuisikia ikihusishwa na kandanda. Pengine hilo si la kushangaza. Kandanda ya kulipwa imegeuka kuwa soko. Mchezaji huibusu nembo ya klabu Jumamosi mbele ya mashabiki, na Jumatatu yumo safarini kwenda kutia sahihi kandarasi kwingineko. Mkufunzi naye hufungishwa virago baada ya kushindwa mechi tano. Katika soko la namna hii, neno uaminifu limebaki kuwa pambo la hotuba.

Hata hivyo, wapo wachache waliolichukulia neno hilo kwa uzito wake, na leo ningependa kumzungumzia mmoja wao: Mjerumani Thomas Schaaf wa klabu ya Werder Bremen. Huenda wasomaji wengi wanawajua zaidi Wajerumani wengine. Wanamjua Franz Beckenbauer, aliyetwaa Kombe la Dunia akiwa nahodha mwaka 1974 na tena akiwa mkufunzi mwaka 1990. Wanamjua Jürgen Klopp kwa ajili ya Liverpool. Wazee wetu nao hawajamsahau Reinhard Fabisch, aliyeifikisha Harambee Stars katika fainali ya Michezo ya Afrika jijini Nairobi mwaka 1987. Schaaf hakupata sifa za kiwango hicho, wala hakuwahi kuichezea timu ya taifa ya wakubwa ya nchi yake. Lakini maisha yake yanatufunza jambo ambalo wale mashuhuri hawatufunzi kwa uwazi kama huo.

Schaaf alizaliwa Aprili 1961 katika mji wa Mannheim, kusini-magharibi mwa Ujerumani. Mwaka 1972, akiwa mtoto wa miaka 11, alijiunga na timu ya vijana ya Werder huko Bremen, mji wa bandari ulioko kaskazini, kando ya mto Weser. Aprili 1979, kabla hajatimiza miaka 18, aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza katika ligi kuu, Bundesliga. Alikuwa mlinzi, mmoja wa wale wachezaji ambao jina lao halitajwi redioni ila wanapokosea.

Mwanzo wake haukuwa wa asali. Mwaka 1980 Werder iliteremshwa ngazi. Kijana huyo hakutafuta mlango wa kutokea, bali alikwenda na klabu yake hadi ligi ya pili, na mwaka 1981 wakarejea pamoja. Naomba msomaji auweke akilini mwaka huo wa 1980, kwa maana tutaurudia.

Mwaka huo wa 1981 ndipo usukani ulipokabidhiwa Otto Rehhagel, mkufunzi aliyekaa Bremen kwa miaka 14. Chini yake Werder ilijifunza kushindwa kabla ya kujifunza kushinda. Mwaka 1983 ilimaliza ligi ikiwa na alama sawa na majirani zake wa Hamburg, ikaukosa ubingwa kwa tofauti ya mabao. Mwaka 1986 mambo yalikuwa machungu zaidi. Katika mchuano dhidi ya Bayern Munich, dakika zikiwa zinayoyoma na bao likiwa halijapatikana, Werder ilipewa penalti ambayo ingewatawaza mabingwa. Michael Kutzop, mpigaji hodari wa mikwaju hiyo, akaugonga mlingoti. Ubingwa ukaenda Munich, kwa mara nyingine kwa tofauti ya mabao. Klabu nyingi zingemtimua mkufunzi aliyeukosa ubingwa kwa namna hiyo mara mbili katika miaka minne. Bremen haikumtimua Rehhagel. Mwaka 1988 ubingwa ukapatikana, na mwaka 1993 ukapatikana tena. Kombe la Ujerumani lilitwaliwa mwaka 1991 na 1994, na Kombe la Washindi barani Ulaya mwaka 1992. Schaaf alikuwa kikosini katika mataji yote hayo. Alipostaafu mwaka 1995 alikuwa amecheza mechi 262 za Bundesliga, zote akivaa jezi ya klabu moja.

Rehhagel naye aliondoka mwaka huo huo, na hapo ndipo Bremen iliposahau ilichojifunza. Katika miaka minne klabu ilipita mikononi mwa wakufunzi wanne: Aad de Mos, Hans-Jürgen Dörner, Wolfgang Sidka na Felix Magath. Kila mmoja alikuja na mfumo wake na wachezaji wake, na kila mmoja akaondoka kabla mbegu yake haijachipua. Wahenga wetu walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kufikia Mei 1999 chombo hicho kilikuwa ukingoni mwa maporomoko ya kushuka ngazi.

Wakati wote huo Schaaf alikuwa uani mwa klabu hiyo hiyo. Hata kabla hajatundika daluga alikuwa ameanza kuwafunza chipukizi, na tangu mwaka 1995 alikuwa akikinoa kikosi cha pili. Magath alipojiuzulu huku ligi ikiwa imebakiza mechi chache tu, viongozi walimwita mtu aliyekuwa karibu. Mechi ya kwanza aliyoisimamia ilikuwa dhidi ya Schalke, nayo Werder ikashinda 1-0. Klabu ikanusurika. Mwezi uliofuata, tarehe 12 Juni, ikakutana na Bayern katika fainali ya Kombe la Ujerumani jijini Berlin. Mchuano uliishia sare ya 1-1 na kuamuliwa kwa penalti. Mlinda lango Frank Rost alifunga mkwaju wake mwenyewe, kisha akaupangua ule wa Lothar Matthäus. Mkufunzi wa muda mfupi akawa na kombe mkononi.

Hapa naomba ruhusa ya kuzungumza kidogo kuhusu maneno, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Neno letu uaminifu linatokana na kitenzi amini, chenye asili ya Kiarabu, na katika shina hilo hilo ndimo tulimopata imani, amani na amana. Kwa hiyo mwaminifu, kwa mujibu wa Kiswahili, si mtu anayebaki tu mahali pamoja. Jiwe nalo hubaki mahali pamoja. Mwaminifu ni mtu aliyeaminiwa, aliyepewa amana, naye akaitunza. Wajerumani huuita uaminifu wa aina hii Treue, na neno hilo lina undugu na trauen, yaani kuamini. Lugha hizi mbili hazina nasaba yoyote, lakini zimekutana katika wazo moja: uaminifu hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Unahitaji anayeamini na anayeaminiwa. Tunapomsifu mchezaji kwa kutoihama klabu, mara nyingi tunasahau kuuliza kama klabu nayo haikumhama.

Swali hilo ndilo linaloifanya hadithi ya Bremen kuwa tofauti. Klabu ilimwachia Schaaf uwanja, na shughuli za kununua na kuuza wachezaji ikamkabidhi Klaus Allofs. Wajerumani huwatenganisha watu hawa wawili: mkufunzi hufunza, meneja hushika kalamu ya mikataba. Allofs alikuwa amecheza na Schaaf na kufunga bao katika fainali ile ya Ulaya ya mwaka 1992. Wawili hao walifanya kazi pamoja kwa zaidi ya miaka 13, hadi Novemba 2012 Allofs alipohamia Wolfsburg. Miaka mitano ya mwanzo ilikuwa ya kupanda tu, na hakuna aliyedai mavuno kabla ya wakati.

Mavuno yalikuja msimu wa 2003/04. Schaaf aliwapanga viungo wake wanne kwa umbo la almasi, mmoja nyuma, wawili pembeni na mmoja mbele, na pale mbele akamweka Mfaransa Johan Micoud, aliyekuwa na macho ya kuona pasi ambayo wengine hawakuiona. Kikosi chake kilishambulia kana kwamba ulinzi ni jambo la kufikiriwa kesho. Kilifunga mabao 79 katika ligi. Mbrazili Ailton peke yake alifunga 28. Tarehe 8 Mei 2004 Werder ilikwenda Munich na kuilaza Bayern 3-1 mbele ya mashabiki wake, ikatawazwa bingwa katika uwanja wa mpinzani. Wiki tatu baadaye iliishinda Alemannia Aachen 3-2 katika fainali ya kombe. Mataji mawili kwa msimu mmoja, jambo ambalo Bremen haikuwahi kulipata kabla ya hapo.

Ailton huyo huyo alikuwa amekwisha kukubali, msimu ukiwa bado unaendelea, kujiunga na Schalke. Alilia machozi ya furaha Bremen ilipotawazwa, kisha akaenda zake. Simlaumu. Mwanasoka ana miaka michache ya kuchuma, na goti moja likivunjika chumo limekwisha. Nataka tu tuone hali ambayo Schaaf alifanyia kazi. Kila alipojenga, mwenye fedha alikuja na kung'oa nguzo. Miroslav Klose, aliyemrithi Ailton na kuwa mfungaji bora wa ligi msimu wa 2005/06, alichukuliwa na Bayern mwaka 2007. Mbrazili Diego akaenda Juventus mwaka 2009. Mesut Özil, aliyefika Januari 2008 akiwa kijana asiyetakiwa tena Schalke, akaenda Real Madrid mwaka 2010. Per Mertesacker akaenda Arsenal mwaka 2011. Kila mara Schaaf alirudi uwanjani asubuhi na kuanza upya na waliobaki.

Licha ya kung'olewa nguzo, nyumba ilisimama kwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Baina ya mwaka 2004 na 2010 Werder ilifuzu mara sita kwa Ligi ya Mabingwa. Huko ilipata raha na karaha. Mwaka 2005 ilicharazwa na Lyon jumla ya mabao 10-2. Mwaka 2006 ilikuwa inaelekea kuing'oa Juventus, ila dakika za mwisho kipa Tim Wiese aliudaka mpira, akabingirika nao, ukamponyoka, na Emerson akaumalizia wavuni. Wengine wangemtafutia Wiese mahali pa kujificha. Schaaf aliendelea kumpanga langoni mwaka baada ya mwaka. Aprili 2009, katika nusu fainali ya kombe dhidi ya Hamburg, Wiese huyo huyo alipangua penalti tatu na kuipeleka timu Berlin.

Majuma hayo ya mwaka 2009 yangetosha kuandikiwa makala yao. Werder na Hamburg zilikutana mara nne katika siku 19, katika mashindano matatu. Werder iliing'oa Hamburg katika kombe, kisha katika Kombe la UEFA, kisha ikaifunga katika ligi. Katika pambano la UEFA mlinzi wa Hamburg alitaka kumrudishia kipa wake mpira, ukagonga donge la karatasi lililotupwa uwanjani na mashabiki, ukatoka nje na kuwa kona. Kutokana na kona hiyo nahodha Frank Baumann akafunga. Karatasi hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la klabu. Fainali ya UEFA, jijini Istanbul, Werder iliipoteza kwa Shakhtar Donetsk 2-1 katika muda wa ziada. Siku kumi baadaye bao la Özil liliishinda Bayer Leverkusen na kombe la nyumbani likapatikana.

Sitaki msomaji adhani kwamba naandika kasida. Uaminifu una upande wake wa pili, na mwandishi asiyeusema huo hasemi kweli. Baada ya mwaka 2010 Werder ilianza kudidimia. Ilimaliza ya 13 mwaka 2011, ya tisa mwaka 2012 na ya 14 mwaka 2013. Fedha za Ligi ya Mabingwa zilikuwa zimekatika, na wachezaji walionunuliwa kuziba mapengo hawakuwa wa kiwango cha waliotangulia. Huenda Schaaf naye alikuwa amechoka. Huenda mbinu ya kushambulia bila kujali ilikuwa imekwisha kusomwa na wapinzani. Kuna wakati ambapo kumvumilia mtu hugeuka kuwa hofu ya kufanya uamuzi, na pande zote mbili hubaki katika ndoa kwa sababu tu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema imekwisha. Mei 2013, baada ya timu kunusurika kushuka, klabu na mkufunzi waliagana kabla ya mechi ya mwisho ya msimu. Alikuwa amekaa kwenye benchi hilo miaka 14, sawa na mwalimu wake Rehhagel.

Alijaribu bahati kwingine. Aliifunza Eintracht Frankfurt msimu wa 2014/15, akaifikisha nafasi ya tisa, kisha akajiuzulu. Januari 2016 alichukua timu ya Hannover iliyokuwa ikizama. Katika mechi 11 za ligi alishindwa kumi, na mapema Aprili akaachishwa kazi. Wapo waliosema kwamba hapo ndipo ilipodhihirika kuwa hakuwa mkufunzi mkubwa. Mimi naona jambo jingine. Mnazi husitawi katika mchanga wa pwani, na ukiupanda penye baridi usishangae usipozaa. Kazi ya Schaaf ilihitaji muda na watu wanaomfahamu kiasi cha kutomdai maelezo marefu, naye hakuwa mtu wa maneno mengi. Hannover haikuwa na muda wa kumpa. Ilimkodi, haikumpa amana.

Mwaka 2018 Werder ilimrejesha nyumbani kama mkurugenzi wa ufundi. Mei 2021, timu ikiwa imebakiza mechi moja tu na imeshikwa shingoni na hatari ya kuteremka, klabu ilimfuta Florian Kohfeldt na kumwomba Schaaf aongoze mechi hiyo. Alikuwa na miaka 60. Hebu tumfikirie. Alikuwa na jina lililoandikwa kwa wino wa dhahabu katika historia ya klabu. Akishinda, watu watasema alipata bahati. Akishindwa, jina lake litaandikwa pia katika ukurasa wa aibu. Mtu mwenye busara ya kujitunza angesingizia mgongo. Schaaf alikubali.

Tarehe 22 Mei 2021, katika uwanja wa nyumbani kando ya mto Weser, Werder ilifungwa 4-2 na Borussia Mönchengladbach. Ikamaliza ya 17, na ikashuka ngazi kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1980. Yule mlinzi aliyeshuka na klabu hiyo akiwa kijana wa miaka 19 ndiye aliyekuwa amesimama kando ya mstari iliposhuka tena, miaka 41 baadaye. Majira hayo hayo ya kiangazi mkataba wake wa ukurugenzi ulimalizika bila kuongezwa. Mwaka uliofuata Werder ilirejea Bundesliga, kama ilivyorejea mwaka 1981, ila safari hii yeye hakuwemo.

Je, aliambulia nini? Anayehesabu kwa hesabu za sokoni atasema aliambulia hasara. Lakini amana haihesabiwi hivyo. Aliyeshika amana hapimwi kwa faida aliyoipata yeye, hupimwa kwa kuwa alikuwapo ilipohitajika kushikwa. Kukubali kuongoza timu inayopanda ni jambo ambalo yeyote angelifanya. Kukubali ile dakika 90 ya mwisho, ambayo haikuwa na la kumwongezea na ilikuwa na mengi ya kumpunguzia, ndiko kulikoonyesha kwamba miaka yote ya nyuma haikuwa mazoea tu.

Nasi tusijifunze nusu ya somo. Ni rahisi kuwahubiria vijana kuwa waaminifu kwa klabu, kwa shule, kwa kazi, kwa nchi. Lakini Bremen ilimpa Schaaf miaka mitano kabla ya kumdai ubingwa, na kabla yake ilimvumilia Rehhagel aliyeukosa mara mbili kwa tofauti ya mabao. Ilipoacha kufanya hivyo, kati ya mwaka 1995 na 1999, ilikaribia kuangamia. Taasisi inayodai uaminifu bila kuaminisha inamdai mtu amana ambayo haikumkabidhi.

Nilianza na methali isemayo kuwa afaye nawe ni mzaliwa nawe. Schaaf hakuzaliwa Bremen. Alizaliwa Mannheim, akaletwa Bremen akiwa mtoto, na watu wa huko wakamwamini. Pengine basi kuna kuzaliwa kwa aina mbili, kwa damu na kwa amana, na hao wa aina ya pili nao hufa nawe.